Shilingi ya ulinzi inatua wapi?

Tukienda vijijini kutoa elimu ya uchumi, iwe Mafinga au Tukuyu, hatukosi kuulizwa: fedha za jeshi zingejenga zahanati ngapi? Swali halali kabisa, ila mimi huanzia kwenye gunia la viazi.

Tuseme kambi ya jeshi imenunua viazi vya Isyonje, lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) kama kawaida yetu. Shilingi hiyo inampitia mkulima, kijana wa kupakia na mwenye Fuso, kisha inarudi shambani kama mbolea au inalipa ada. Sasa tuseme kambi hiyohiyo imeagiza vipuri vya kifaru. Hapo inatakiwa dola, na dola inatoka kwenye kahawa, chai, tumbaku na dhahabu. Ikishavuka mpaka hairudi, na mwenye kuagiza dizeli naye alikuwa anaisubiri. Kiasi kilichotumika kinaweza kuwa kilekile, lakini alama kinayoacha nchini si ileile.

Mwaka 1973 mchumi Emile Benoit alilinganisha nchi 44 zinazoendelea, akakuta zilizotumia zaidi kwa ulinzi ndizo zilizokua haraka. Wenzake walimbana: baadhi ya nchi hizo zilikuwa zinapokea misaada mingi ya nje. Tena duka likikua mwenyewe huajiri mlinzi. Huwezi kusema mlinzi ndiye aliyelikuza.

Sisi tuna mfano wa nyumbani. Mwalimu Nyerere alitangaza vita dhidi ya Idi Amin tarehe 2 Novemba 1978, na mgambo wakaitwa wakati ambao huku nyanda za juu mvua zinaanza na mahindi yanapandwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba vita ile iligharimu dola milioni 500. Wananchi waliombwa kufunga mkanda miezi 18. Ikaisha, mkanda ukabaki umefungwa: sukari, sabuni na khanga zikawa za kupanga foleni. Hata hivyo wazee wanaoitwisha vita mzigo wote wanaionea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya kahawa ilishashuka, na mwaka 1979 mafuta yakapanda.

Ila kutokuwa na ulinzi nako kuna gharama yake, na Mbeya tunapaswa kuijua kuliko wengi. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walilipua daraja la reli la Chambeshi, ndani ya Zambia. Reli ya Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam kupitia kwetu Mbeya hadi Kapiri Mposhi, ikakatika, na shaba ya Zambia ikakosa njia ya kufika bandarini kwetu. Hasara ya namna hiyo huioni kwenye bajeti ya ulinzi ya nchi yoyote.

Kuna pia JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanzishwa 1963, yenye kambi Mafinga na Itende. Kijana anayetoka pale anajua kulima kwa vipimo au kujenga ni faida kwa uchumi. Wasiwasi wangu ni mdogo: nguvukazi ya vijana wa kambini ikiingia kwenye zabuni za ujenzi, fundi wa mtaani mwenye wasaidizi watano wa kulipwa kila Jumamosi atashindana nayo kwa bei gani?

Kwa hiyo bajeti ya ulinzi ikisomwa bungeni, usiishie kwenye jumla. Tazama mishahara na posho ni kiasi gani, chakula kinanunuliwa wapi, na kipi kitalipwa kwa dola. Ukifika hapo ndipo turudi kwenye zahanati.