Daftari la ajali kazini na taarifa ya ajali: tofauti yake ni nini?

Daftari la ajali ni kumbukumbu anazoweka mwajiri kuhusu kila mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Hilo hubaki ofisini. Taarifa ya ajali hutoka nje ya lango na kwenda serikalini. Ni rahisi kuyachanganya haya mawili, na meneja akishajaza ukurasa wa daftari anaweza kudhani amemaliza kazi.

Hapa Uganda taarifa hiyo ina njia mbili, kwa kuwa sheria ni mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inampeleka mwajiri kwa Kamishna aliye chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambaye anataka kujua kilichotokea ili kisitokee tena. Ndiyo maana hata tukio la hatari huhesabika: winchi ikianguka saiti wakati wafanyakazi wote wako chakula cha mchana, bado kuna la kuarifu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 inampeleka kwa afisa wa kazi wa wilaya, na huko swali kubwa ni la malipo.

Marekani wametenganisha mambo haya waziwazi. Kifo cha kazini huripotiwa ndani ya saa 8. Kulazwa hospitalini, kukatika kiungo au kupoteza jicho, ndani ya saa 24. Kumbukumbu zenyewe hutunzwa miaka 5. Kampuni yenye watu 10 au pungufu kwa kawaida husamehewa daftari, lakini haisamehewi kuripoti.

Daftari zuri huandika nini? Jina, kazi aliyokuwa akifanya, saa, mahali, mashine, sehemu ya mwili iliyoumia, mashahidi, siku alizokosa kazi. "Alianguka" haitoshi. "Alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili, upande usio na reli" inamwambia mkaguzi kitu. Jeraha dogo nalo liandikwe, ingawa hapa Uganda kwa kawaida fidia haidaiwi kama mtu hakuzuiwa kazi kwa siku 3 mfululizo na hakupata ulemavu wa kudumu. Mkono uliochomwa na msumari Jumatatu unaweza kuwa umevimba hadi kwenye kiwiko ifikapo Ijumaa.

Ajali ya njiani nayo husahaulika. Mfanyakazi anayetoka nyumbani moja kwa moja kwenda kazini, boda boda ikagongwa, sheria ya fidia inamhesabu kuwa ameumia akiwa kazini. Ila ni juu yake kuonyesha kwamba hakupitia kwingine.

Magonjwa ndiyo magumu zaidi. Mpasua mawe anayevuta vumbi hana siku moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku aliyoumia. Vumbi hilo hukakamaza mapafu polepole, na dalili huweza kuja baada ya miaka mingi, pengine amekwisha hamia kazi nyingine. Vivyo hivyo kwa masikio ya mtu wa mashine za kusaga. Kwa hao, daftari la ajali peke yake halisaidii sana. Kinachohitajika ni rekodi ya nani alifanya kazi wapi, kwa muda gani, na vipimo vyake vya afya vilisemaje.

Waajiri wengine huogopa kuandika wakidhani wanakiri kosa. Woga huo hauna msingi mkubwa, maana fidia chini ya sheria ya 2000 haisubiri kujua nani alizembea. Hata mfanyakazi aliyejiumiza kwa uzembe wake hudai. Kwa kifo kilichoacha wategemezi, hesabu ni mshahara wa miezi 60, daftari liwepo lisiwepo. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya mzigo huu, na kampuni ya bima itakuja kuuliza karatasi.

Mfanyakazi naye ana wajibu: amwarifu mwajiri mapema, ndani ya mwezi mmoja tangu ajali, isipokuwa kama mwajiri alikwisha kujua. Ukurasa uliojazwa siku ileile na foromani ni ushahidi kwamba alijua. Anayehitaji zaidi ukurasa huo ni mtu wa leja leja, anayelipwa kwa siku na ambaye huenda jina lake haliko mahali pengine popote pale saiti.