Miaka 2,000 si kipimo cha ini

Nimeandikiwa tena sentensi ileile: "Watu wa Mediterania wameutumia mmea huu miaka 2,000; ungekuwa na madhara, si wazee wangekwisha kujua?" Safari hii ilikuwa juu ya Teucrium chamaedrys. Nimechoka kuijibu hoja hiyo kwa mtu mmoja mmoja, basi naijibu hapa.

Kwanza mmea wenyewe. Ni kichaka kifupi chenye maua ya waridi, na kijani chake kimekolea. Jani lake ni dogo, kingo zake zina mikato ya mviringo kama ya jani la mwaloni, ndiyo maana jina lake la Kigiriki lina maana ya mwaloni wa ardhini. Ni mchungu, na uchungu wenyewe haubanduki ulimini upesi. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliuagiza kwa kikohozi na kwa wengu lililokuwa gumu. Kwa hiyo habari ya ukongwe wake ni ya kweli, wala sibishani nayo.

Sasa twende Ufaransa. Mwaka 1986 unga wa mmea huo uliingia sokoni ukiwa ndani ya kapsuli, kusaidia watu kupunguza uzito. Ushahidi wa maana kwamba unapunguza uzito haukuwepo, na hadi leo haupo. Kilichokuja ni homa ya ini. Mwaka 1992 madaktari wa huko walieleza wagonjwa 7 walioanza kuugua kati ya wiki ya 3 na ya 18 tangu waanze kumeza. Kesi zilipofika takriban 30, na mtu amekwisha kufa, mauzo yakapigwa marufuku mwaka huohuo.

Namna mmea unavyoliumiza ini inajulikana vizuri, nitaipita haraka. Mmea una diterpeni, kemikali za asili za mimea, zenye pete ya furani (pete ndogo ya atomi yenye oksijeni ndani), maarufu zaidi ikiwa teukrini A. Saitokromu 3A, kimeng'enya cha ini, inaigeuza furani hiyo kuwa epoksaidi, kemikali kali inayoshika chochote kilicho karibu; glutathioni, kinga ya seli dhidi ya sumu, inatumika hadi kupungua, kisha epoksaidi inazishika protini za seli. Yaani ini lenyewe ndilo linaloitengeneza sumu. Uchungu wa ulimini haukuambii lolote kuhusu hatua hiyo.

Nirudi kwa wazee, maana hapo ndipo penye kosa. Nawaheshimu sana, na nusu ya kazi yangu imeanzia kwenye maarifa yao. Lakini wangejuaje? Mmea unaodhuru papo hapo waliujua bila maabara. Mtu akila oleanda, akatapika, moyo ukaenda mrama siku hiyohiyo, kijiji kizima kinajifunza. Huyu wa Teucrium anakunywa leo, kesho, wiki ya 5 yuko salama. Wiki ya 9 mkojo unakuwa wa kahawia, macho yanageuka manjano. Katika wiki hizo amekula vitu mia, amelala nyumba tatu, ameugua mafua. Nani atakinyooshea kidole kikombe cha mwezi juzi? Na macho ya manjano hayakuwa ajabu. Homa ya ini ya virusi ilikuwepo siku zote.

Halafu kuna suala la idadi. Tuseme mmea unamdhuru mtu 1 katika kila 5,000. Mganga aliyehudumia watu 1,000 maisha yake yote huenda asimwone hata mmoja, na atasema kwa moyo safi kabisa kwamba hajawahi kuona madhara. Hasemi uongo. Macho yake tu hayafiki huko. Linaloniumiza zaidi ni kwamba dawa chungu za aina hii walipewa pia watu wenye shida ya nyongo, na macho ya manjano yalihesabiwa humo. Huenda kuna aliyeharibiwa ini na mmea, kisha akaongezewa kikombe cha mmea uleule ili apone.

Yapo yanayonisumbua mimi pia. Wengi walioumeza hawakuumwa chochote, na vitabu vinavyoandika tu "sumu kwa ini" vinalificha hilo. Kwa nini huyu augue na jirani yake abaki mzima? Waliokunywa chai yake kwa muda mrefu wamekutwa na kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili wao wenyewe, epoksaidi hidrolesi (kinachovunja epoksaidi), kwa hiyo naamini kinga inashiriki kwa baadhi yao. Je, chai ina nafuu kuliko kapsuli? Inawezekana. Lakini wapo walioumwa kwa chai tupu, na teukrini hupanda na kushuka kulingana na mmea ulipoota, kwa hiyo siwezi kumtajia mtu vikombe vilivyo salama. Sheria ya Ulaya inauruhusu kama kiungo cha ladha katika vileo pekee, na teukrini A isizidi miligramu 5 kwa kilo katika vile vichungu, 2 katika vingine.

Usidhani ndugu yake, Teucrium polium, ambao wengi mashariki mwa Mediterania hunywa kwa ajili ya kisukari, umesalimika. Homa ya ini imeripotiwa kwake pia, Ugiriki ikiwemo.

Ukiwa umetumia mojawapo na mkojo au macho yakabadilika rangi, acha leo hii, nenda hospitali, na mpelekee daktari pakiti yenyewe. Jina lililoandikwa juu halitoshi, kwa sababu Teucrium imewahi kukutwa ndani ya bidhaa zilizouzwa kama Scutellaria, mmea mwingine wa dawa, na ikishasagwa huwezi kuitofautisha kwa macho. Ukipona, usirudie kuonja ili uhakikishe kama kweli ilikuwa ndiyo. Kati ya wale wagonjwa 7 wa Ufaransa, watatu waliutumia tena, na homa ya ini ikawarudia upesi.