Cheti cha jina la biashara sio kampuni: neno kwa vijana wa muvi Arusha na Moshi

Nane Nane moja pale viwanja vya Themi, meza yetu ya usajili ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, imebanwa katikati ya watu wa mbegu na watu wa matrekta, akaja chalii mmoja na begi la kamera mgongoni. Shikamoo mama. Marahaba. Akatoa cheti kimelaminishwa, kakitunza kuliko mimi ninavyotunza vyeti vya wanangu, akasema kampuni yetu ya muvi ndio hii, kuna televisheni Dar inataka filamu yetu ila wanatuzungusha, wanasema karatasi hazijatimia. Nikakisoma. Kilikuwa cheti cha jina la biashara. Halafu jina la mmiliki lililoandikwa pale halikuwa lake.

Nimekutana na wa hivyo wengi, wa Sakina, wa Ngaramtoni, wa Majengo kule Moshi, wa Himo, na malalamiko yanaongezeka kwa sababu vijana wa kanda hii sasa wanauza. Zamani filamu ilikuwa inapelekwa Kariakoo kwa msambazaji, anakupa hela mkononi mnamalizana, nani ana kampuni nani hana hamna aliyeuliza. Siku hizi ving'amuzi wanataka mkataba, na mkataba unataka mtu wa kusaini. Ndipo mnapokwama, halafu lawama zinakuja kwetu BRELA.

Sasa niseme nisemwe, jina la biashara sio kampuni. Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia. Ukidaiwa unadaiwa wewe, ukifa linabaki linaning'inia, na wenzako watatu mliolala nao Monduli kwenye gari la kuazima, maiki mmeifunga kwenye mpini wa fagio, kwenye hilo jina hawamo, labda kama mlisajili kama ubia na majina yao yakaandikwa. Kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, ina TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, inamiliki vitu, inashtaki na inashtakiwa. Sheria ni ya Makampuni Na. 12 ya 2002, ipo, isomeni. Naona watu wanaandika neno "kampuni" kwenye bango, kwenye tisheti, kwenye mwanzo wa filamu kwa herufi za dhahabu, wakati kwenye daftari la msajili hamna kitu.

Kuisajili unafanya mwenyewe kwa mtandao kwenye mfumo wetu wa ORS, uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na TIN za wakurugenzi na wanahisa, katiba ya kampuni ile mnaita memati, basi. Hamna haja ya kumlipa mtu wa stationari laki mbili. Ada inafuata mtaji mlioandika: mtaji usiozidi milioni 1 ada ya usajili ni 95,000, ukizidi hapo hadi milioni 5 ni 175,000, ukivuka milioni 50 ni 440,000, juu yake kuna 66,000 ya kufaili nyaraka na 6,200 ya ushuru wa stempu. Vijana wanaandika milioni 100 ili waonekane wakubwa, halafu wanashangaa bili. Anzeni na mdogo, mtaji unaongezwa baadaye.

Kwenye shughuli za kampuni mfumo unataka namba za ISIC, zile za kimataifa za kutambulisha aina ya shughuli. Wengi mnachagua 7420 kwa sababu mlianza na harusi, na kweli kupiga picha na video za harusi ni humo. Kutengeneza filamu ni 5911. Kuhariri na kazi za baada ya kushuti ni 5912, kusambaza ni 5913. Jazeni zote mnazofanya, maana mnunuzi akiomba taarifa zenu kwetu akakuta nyie ni watu wa harusi atawauliza maswali.

Hisa ndio ugomvi ulipo. Nauliza kamera ni ya nani, wanacheka, wanasema "ni yetu sote". Risiti ina jina la mmoja. Basi amueni kabla ya kuja: kamera imeingia kampuni kama malipo ya hisa zake, au kampuni inaikodi kwake? Na aliyeandika stori je? Kampuni kuwepo haimaanishi stori ni ya kampuni, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inataka haki zikihamishwa ziandikwe na kusainiwa, kwa hiyo mwandishi, dairekta na aliyepiga muziki kila mmoja na karatasi yake. Hiyo ni kazi ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, sio yetu lakini nawaambia kwa sababu hiyo karatasi ndio yule wa televisheni ataiomba baada ya cheti. Na jamani, kusajili jina la kampuni hakukupi alama ya biashara, hiyo inaombwa peke yake, kwa filamu ni daraja la 41, inadumu miaka 7 halafu unahuisha kwa 10, tena ni Bara tu, Zanzibar wana ofisi yao.

Haya, mmesajili. Mnapotea. Kila mwaka, ndani ya siku 28 tangu tarehe ya kuzaliwa kampuni, mnatakiwa kuleta ritani, yaani taarifa ya mwaka ya kampuni, ada 22,000. Hata kama hamjashuti chochote! Hili naliongea mpaka sauti inakauka, watu wanasema "hatukufanya kazi mwaka ule". Kuchelewa ni 2,500 kila mwezi kwa kila nyaraka. Piga hesabu ya ritani nne: ya kwanza imechelewa miezi 48, ya pili 36, ya tatu 24, ya nne 12, jumla miezi 120, hiyo ni 300,000 ya faini, weka na 88,000 ya ada zenyewe, ni 388,000, na hapo sijagusa hesabu za mwaka ambazo nazo ni nyaraka. Ukiendelea kukaa kimya msajili anaweza kuifuta kampuni kwenye daftari. TRA, watu wa mapato, nao wana yao, kampuni ikichelewesha ritani ya kodi kiwango cha chini cha faini ni mara tatu ya mtu binafsi, kwa hiyo msikimbilie kampuni kama nyie bado ni watu wa send-off mbili kwa mwezi.

Mkurugenzi akiondoka, taarifa ndani ya siku 14. Hisa zikiuzwa, TRA kwanza ndipo sisi. Kibali cha kushuti na filamu kupangiwa daraja la watazamaji ni Bodi ya Filamu, sheria Na. 4 ya 1976, anzeni kwa afisa utamaduni. Hifadhini ni TANAPA, Ngorongoro ni mamlaka yake.

Yule chalii akauliza, jina letu si tunalihamishia tu kwenye kampuni, watu wameshalizoea. Inawezekana, ila mwenye jina kwenye cheti lazima aridhie kwa maandishi na alifunge lile la zamani, maana mfumo haukubali majina mawili yanayofanana. Mwenye jina ni binamu yake wa Usa River, walitumia NIDA yake kwa sababu wakati ule ya kwake ilikuwa haijatoka. Nikamwambia mpigie sasa hivi nipo hapa. Akapiga, akaweka spika. Haipatikani. Akasema mama, huyu alishaenda Mombasa, tangu tuligawana hela ya muvi ya kwanza hatuongei.