"Majina tumeshayafuta": dhana inayokwamisha maandiko ya ruzuku

Katika maandiko ya kuomba ruzuku ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), kwenye ukurasa wa ulinzi wa washiriki, sentensi hii haikosekani: "Majina yataondolewa, hivyo usiri utalindwa." Inachosha, na si kweli.

Tazama mstari mmoja wa jedwali: 017, mwanamke, miaka 34, muuguzi wa zahanati ya kijiji, ana VVU, alijifungua 12/3/2022. Jina halipo. Lakini kama kijiji kina muuguzi mmoja, jirani yeyote anamtaja papo hapo. Latanya Sweeney, mtafiti wa Marekani wa faragha ya data, alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya Wamarekani; huku kwetu kazi na kijiji tu vinamaliza mchezo. Ndiyo maana sheria ya ulinzi wa data ya Kenya (2019) na ile ya Tanzania (2022) zinamlinda mtu anayeweza kutambulika, si aliyeandikwa jina peke yake.

Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa igeuze kundi la umri la miaka mitano mitano, kijiji kiwe wilaya, muuguzi awe "mtumishi wa afya". Kisha pitisha hesabu: kila mchanganyiko wa umri, jinsia, kazi na eneo wenye watu chini ya watano, unganisha makundi au futa safu nzima. Usisahau dodoso la kwenye simu. ODK na KoboToolbox, programu za kukusanyia data kwa simu, huweza kubeba kitambulisho cha kifaa, saa ya kuanza na kumaliza, na nukta ya GPS inayoangukia juu ya bati la nyumba ya mtu. Safu hizo mara nyingi hazionekani kwenye fomu, zinaibuka unapopakua data.

Namba 017 nayo haimfichi mtu maadamu faili la ufunguo, lile linalounganisha namba na jina, lipo. Andika nani analo, limefungwa wapi mbali na data, na litafutwa lini. "Litatunzwa salama" haijibu kitu.

Zipo na dhana nyingine. "Ni dodoso tu, damu hatuchukui." Kwa kanuni za Marekani, ukishazungumza na mtu ili upate data zinazomhusu kwa ajili ya utafiti, huyo ni mshiriki. Huenda kazi ikaangukia kundi la msamaha, yaani utafiti usiohitaji mapitio kamili, ila usijisamehe mwenyewe. Peleka kwenye kamati ya maadili.

"Kibali cha chuo cha Marekani kinatosha." Hakitoshi. Kenya utahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

"Tunafuata HIPAA." Hiyo ni sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, inayowabana watoa huduma na bima za afya za huko. Kuitaja kwa hospitali ya Mwanza kunaonyesha umenakili andiko la mtu.

Na fomu ya ridhaa: ukimwahidi mshiriki kwamba data yake haitaonwa na yeyote nje ya timu, halafu ukaambatisha mpango wa kushirikisha data ambao NIH inautaka tangu Januari 2023, umejifunga kamba mbili zinazovutana. Rekebisha fomu kabla hujamsainisha mtu wa kwanza. Baada ya hapo itabidi uwarudie wote, mmoja mmoja.