Usimrekodi, Mlete: Kwa Vijana na Wazazi wa Tabora

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, sisi wahudumu wa kliniki ya afya ya akili tunapita shuleni na vijiweni kuzungumza na vijana. Safari hii malalamiko yametutangulia, na karibu yote yana sura moja. Kijana ameanza kuongea peke yake sokoni, au binti ameanguka bwenini akipiga kelele. Kabla mtu hajaenda kumwita mama yake, simu kumi zimeshatoka mifukoni. Jioni video iko status, kesho yake imeingia kwenye magrupu kuanzia Isevya hadi Urambo, na chini yake kuna maneno yaleyale: "Mpelekeni Milembe," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Miezi mitatu baadaye mgonjwa amepata nafuu na anataka kurudi darasani, lakini video bado inazunguka. Ugonjwa tunaweza kuutibu, ila kuifuta video kwenye simu za watu hatuwezi.

Tuseme sheria kwanza, kwa sababu wengi huikumbuka wakiwa tayari kaunta ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha mtu, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Someni vizuri neno "isiyopungua". Iwapo video fulani inaangukia kwenye kifungu hicho ni jambo la mahakama kuamua, si letu. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Cheti cha kliniki ya akili ukikipiga picha na kukituma kwa rafiki, hiyo si habari ya mtaani tena.

Ukiwa mzazi wa aliyerekodiwa, usikimbilie kumtukana aliyeposti, na usimlazimishe afute hapohapo. Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa. Andika jina la grupu na majina ya watu wawili walioiona. Nenda kituo cha polisi na vielelezo hivyo, fungua taarifa, uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama mtoto hajatimiza miaka 18, omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya bure ya 116 nayo inapokea taarifa za watoto. Malalamiko mengi hukwama kwa sababu mzazi amefika na hasira bila picha hata moja, na mrekodi ameshafuta kila kitu.

Baada ya hapo, matibabu, ambako ndiko kwenye dhana potofu nyingi.

Kliniki ya afya ya akili haiwahudumii watu wanaookota makopo peke yao. Kwenye benchi lile utamkuta mwanafunzi asiyelala tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita na hamtaki mtoto, mtu wa kifafa, kijana anayetaka kuacha gongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nusu ya matatizo ya akili huanza mtu akiwa hajafikisha miaka 15. Kwa hiyo kauli kwamba "mtoto huyu ana akili gani za kuugua" tunaomba iachwe. Na kifafa hakiambukizwi kwa mapovu. Tumeshalisema hili mno, bado kuna shule mwanafunzi anaanguka na wenzake wanakimbia badala ya kumlaza ubavu na kuangalia saa. Degedege likizidi dakika 5, tafuta usafiri wa kwenda hospitali. Kijiko mdomoni usiweke.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watapima malaria na sukari, na hilo lisikuudhi. Mkoani kwetu malaria kali inaweza kumfanya mtu aropoke na kupigana usiku kucha, na homa ya uti wa mgongo hivyohivyo. Aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa ni mgonjwa wa dharura: afike hospitali siku hiyohiyo, asingoje siku ya kliniki. Asiye na homa, ambaye amebadilika taratibu kwa wiki au miezi, ataandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, ni hospitali ya taifa. Anafika huko mgonjwa ambaye ngazi za chini zimeshindwa kumtuliza, na wengi hawafiki kamwe. Kumtishia kijana kwamba "utapelekwa Milembe" kunamfanya afiche dalili, basi.

Siku ya kwanza njoo na barua ya rufaa, kadi ya bima kama ipo, na ndugu anayeishi naye nyumba moja. Mjomba aliyetoka Mwanza jana kwa ajili ya kusindikiza hatajibu swali hata moja. Tutauliza mabadiliko yalianza mwezi gani, analala saa ngapi, anakula nini, nani kwenye ukoo aliwahi kuugua, dawa gani amekunywa, zikiwemo za mfumu, yaani mganga wa kienyeji. Tutauliza bangi. Hapa vijana hudanganya karibu wote wakiogopa polisi. Anayeuliza ni muuguzi. Jibu linatusaidia kujua tunatibu nini, maana bangi inaweza kuwasha ugonjwa kwa kijana mwenye mwelekeo nao na kuzuia dawa zisifanye kazi. Asiye na bima wala fedha apitie dirisha la ustawi wa jamii, ambako maombi ya msamaha wa malipo hushughulikiwa, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyopitiliza, tunatumia maswali 9 yanayohusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina pointi 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunachunguza kwa kina zaidi. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na wazazi hukasirika tukiliuliza mbele ya mtoto. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mwenye nalo hupata upenyo wa kulisema, na asiye nalo atajibu hapana.

Matumizi ya dawa ndiyo yanayoharibika mikononi mwa familia kuliko kitu kingine chochote. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla mtu hajaona nafuu, ilhali kinywa kukauka au tumbo kuvuruga huanza siku za mwanzo. Matokeo yake mgonjwa anaacha wiki ya kwanza na kutangaza kwamba hazifanyi kazi. Akipata nafuu anatakiwa kuendelea kwa miezi 9 hadi 12, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu chini ya daktari.

Haloperidoli, inayotolewa kwa wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwepo, ina tabia nyingine. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, siku chache baada ya kuanza shingo inaweza kupinda upande mmoja, taya likakaza, macho yakabaki yametazama juu. Familia ikiona hivyo inasema amerogwa mara ya pili, au hospitali imemharibu, na mgonjwa anahamishiwa kwa mganga. Hayo ni madhara ya dawa yanayojulikana, yana dawa yake, na kwa sindano hulegea ndani ya muda mfupi. Mrudisheni hospitali hata kama ni usiku.

Kuhusu waganga, hatukatazi mtu kuombewa wala kwenda kwa mfumu. Tunachokataa ni kamba, minyororo, kunyimwa chakula na kusimamishwa kwa vidonge. Vidonda vya kamba tunavifunga kila mara, na mgonjwa aliyefungwa miezi miwili hutibika kwa shida zaidi kuliko aliyeletwa wiki ya pili. Anayegoma kuja au anayehatarisha watu, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpokea bila hiari yake. Ndugu aanze kwa ofisa ustawi wa jamii au polisi, wamsaidie kumfikisha kwa daktari.

Jambo moja la wakulima wa tumbaku. Kijana mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, asipewe zamu ya usiku ya kuchochea moto kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Kukosa usingizi siku mbili tatu mfululizo kunatosha kumrudisha kwenye msisimko uliopitiliza hata kama anameza dawa. Ampokee mtu mwingine, yeye apangiwe kazi za mchana. Na viuatilifu vifungwe stoo, ufunguo akae nao mtu mzima, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye huzuni isiyoisha.

Hapo tunafika kwenye jaribio la kujiua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, bado inalitaja kuwa kosa, na si kazi ya makala hii kujadili kama kiendelee kuwepo. Tunachokiona ni familia kusema "alikunywa kwa bahati mbaya" au "aliteleza", daktari wa zamu akatibu asichokijua. Mwambieni ukweli: alikunywa nini, saa ngapi, na chupa muilete. Kwa mgonjwa mahututi kuokoa maisha kunatangulia, PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inafuata. Akiruhusiwa, asilale peke yake siku za mwanzo, na miadi ya kliniki ya akili isivuke wiki moja.

Shule nazo. Mwalimu wa malezi na unasihi apewe chumba chenye mlango unaofungwa; unasihi chini ya mwembe, wanafunzi wakipita kwenda kuteka maji, si unasihi. Mwanafunzi anaporudi kutoka hospitali, baadhi ya shule hudai barua inayotaja ugonjwa. Barua inatosha kusema yuko chini ya uangalizi wa daktari, anaweza kuendelea na masomo, na ana dawa ya kumeza saa 2 usiku. Dawa akae nayo matroni au patroni, ameze faragha. Anayehitaji kujua zaidi ya hapo, kwa mfano afanye nini dalili zikirudi, ni matroni, mwalimu wa unasihi na mkuu wa shule. Tangazo mstarini halihitajiki, hata likiwa la kumtakia heri.