Kabla ya kuomba miche, tazameni visiki

Kila inapokaribia Julai 26, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, sisi wa ofisi ya misitu tunapokea barua za vikundi vinavyoomba miche ya mikoko. Tunashukuru. Pamoja nazo huja malalamiko ya wavuvi wa delta ya Rufiji kwamba kambamiti wamepungua. Ni vema ijulikane kwamba barua hizo na malalamiko hayo ni jambo moja.

Kambamiti hutaga nje, baharini. Wachanga wao huingia na maji kujaa hadi vijito vya mikoko, wakakulia kwenye mizizi ambako samaki wakubwa hawapenyi, kisha hurudi baharini. Baadhi ya changu nao hupitia humo kabla ya kuhamia matumbawe. Mikoko ikifyekwa, tope lililoshikwa na mizizi huenda kufunika majani ya bahari, na hayo ndiyo malisho ya nguva, ambao wamebaki wachache mno kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Kila mkutano wa kijiji naambiwa, "Mikoko hujiotea, Bwana Misitu." Ndugu zangu, si kila mara. Shukeni kijitoni maji yakitoka, mtazame kisiki cha mkoko wenyewe, ile aina ya magando, yaani mizizi iliyosimama nje kama miguu, uliokatwa chini ya matawi yenye majani. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huchipua; huo hauchipui. Magando yanasimama meusi topeni hata chipukizi moja hakuna, na shimo la kaa koko lililokuwa chini yake limefukiwa. Waliofyeka kupanda mpunga nao wanajua: misimu michache tu, chumvi na magugu vinashinda, shamba linaachwa, mtu anasogea kufyeka pengine.

Kuhusu sheria, tunaamini wengi hawakusudii kuivunja. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, hivyo barua ya mwenyekiti wa kijiji peke yake si kibali. Pale uvunaji unaporuhusiwa, maombi huanzia serikali ya kijiji, hupita kamati ya uvunaji ya wilaya, ndipo mwombaji hupewa kontroo namba na kulipa mrabaha kabla ya kukata, si baada. Boriti hukaguliwa na kugongwa nyundo ya alama. Mzigo husafiri na hati yake, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni tu. Hati ya jana haibebi mzigo wa leo. Asiye na kibali anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na boriti pamoja na chombo vinaweza kutaifishwa. Anayekiri anaweza kufifilishiwa kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kwenda mahakamani: huandika maelezo ya kukiri, hulipa kwa kontroo namba, huchukua stakabadhi. Akitokea ofisa anayetaka fedha mkononi, msimpe.

Aidha, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wenye mipango ya kujenga wazingatie.

Sasa miche. Vikundi hupenda kuchomeka mkoko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, picha zikapigwa, na miche ikafa. Mbele kule, upande wa bahari, ni kwa aina nyingine, mlilana; mkoko hukaa kandokando ya vijito, na aina iitwayo mkandaa nyuma zaidi. Kwa hiyo barua ya kuomba miche ieleze maji kujaa yanafika wapi, na visiki vilivyopo eneo hilo ni vya mti gani. Tutaanzia kwenye visiki hivyo.