Rufaa ya uhamiaji Uingereza: pesa ya wakili inaenda wapi

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Wakili, barua imekuja, kesi ni mwezi ujao. Kunisimamia siku hiyo moja ni bei gani?" Naelewa kwa nini watu huuliza hivyo. Siku ya kesi ndiyo inayoonekana: jaji, mwakilishi wa Home Office (wizara inayoamua maombi ya uhamiaji), maswali. Lakini siku hiyo ni sehemu ndogo ya kazi, na kama pesa yako ni ya kuungaunga, nakusihi uanze kuitumia mapema zaidi.

Ada ya kufungua rufaa siyo inayowaumiza watu. Ni paundi 140 ukitaka kusikilizwa, 80 ukikubali iamuliwe kwa karatasi tu. Kila mrufani hulipa yake, kwa hiyo mama na watoto watatu walionyimwa ruhusa pamoja ni paundi 560. Mwenye msaada wa kisheria wa serikali halipi, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Mwaka 2016 serikali iliipandisha hadi paundi 800, na kabla miezi miwili haijaisha ikairudisha ilipokuwa. La kuogopa hapa ni muda: siku 14 tangu uamuzi utumwe kama uko ndani ya nchi, kwa kawaida 28 tangu uupokee kama uko nje.

Pesa kubwa inakwenda kwenye maandalizi. Mama mmoja alikuja ofisini, mumewe amenyimwa ruhusa ya kubaki. Maelezo aliyokuwa ameandikiwa na mtu mwingine yalikuwa na sentensi moja kuhusu mume kama baba: "Anampenda sana mtoto." Tulikaa saa tatu. Ndipo ikatoka kwamba yeye mama hufanya kazi za usiku, kwamba mume ndiye anayempeleka mtoto shule kila asubuhi, na kwamba hospitalini, kwenye kliniki ya pumu, namba iliyoandikwa ni ya baba. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji barua, na kila barua inahitaji mtu wa kuifuatilia. Saa hizo ndizo unazolipia.

Tena zina faida ambayo wengi hawaijui. Mrufani akiwa na wakili, wakili huwasilisha hoja zake za maandishi pamoja na ushahidi wote mapema, kisha Home Office inatakiwa kuupitia upya uamuzi wake. Nimeona uamuzi ukiondolewa hapo hapo, kabla ya mtu kupanda treni kwenda kusikilizwa. Na kesi ikifika mbele ya jaji, hiyo ndiyo nafasi ya kuthibitisha mambo yenyewe. Ukishindwa, Baraza la Juu (Upper Tribunal), ambako rufaa ya pili hupelekwa, kwanza huangalia kama jaji alikosea kisheria. Barua ya kliniki uliyoisahau haitakuwa kosa la jaji. Ndiyo maana sipendi kuchukua kesi ya "siku moja tu" yenye jalada bovu: nitasimama, nitajitahidi, lakini nitakuwa natetea karatasi ambazo hazipo.

Kuhusu msaada wa serikali: England na Wales, rufaa za kuomba hifadhi bado zinagharimiwa kwa mwenye kipato kidogo na kesi yenye mashiko. Rufaa nyingi za familia ziliondolewa Aprili 2013, ila kuna maombi ya ufadhili wa kipekee, na watu wengi hawajaribu kwa sababu hakuna aliyewaambia. Scotland ina utaratibu wake. Uliza kwanza kabla hujakopa.

Na tafadhali, usimpe pesa mtu wa mtaani anayejua kujaza fomu. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai chini ya sheria ya uhamiaji na hifadhi ya 1999. Hata mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa ambaye si wakili lazima awe ngazi ya 3, ya juu kabisa, ndipo aweze kukuwakilisha kwenye rufaa. Orodha yao iko wazi mtandaoni, na kuitazama ni bure.

Ukishapata wakili, omba bei kwa maandishi na uisome polepole. Je, ina VAT ndani? Paundi 1,500 bila VAT ni 1,800 mfukoni mwako. Je, ripoti ya daktari au mtaalamu imo? Kutafsiri nyaraka je? Mkalimani wa siku ya kesi hutolewa bure na baraza linalosikiliza rufaa, lakini wa kukaa nawe ofisini ni juu yako. Ukishinda, usitegemee kurudishiwa pesa ya wakili: kwa kawaida jaji anaweza kuamuru urudishiwe ile ada ya rufaa tu, isipokuwa upande wa pili umeendesha kesi pasipo busara.

Swali linalosahaulika zaidi ni hili: kesi ikiahirishwa, nalipa tena? Niliwahi kufika na mteja anayesema Kibajuni, tukakuta mkalimani wa Kiswahili cha bara. Baada ya dakika kumi hakuna aliyemwelewa mwenzake, jaji akaahirisha. Wakili mwenzangu niliyemwita asimame mbele ya jaji siku hiyo alikuwa ameshajiandaa na ameshafika, kwa hiyo ada yake ya siku hiyo ilikwisha, na ya siku ya pili ilibidi itafutwe. Mteja alichangiwa na ndugu. Tangu hapo kwenye fomu ya rufaa siandiki "Kiswahili" nikaishia hapo, naandika na lahaja, na kwenye mkataba wangu kuna mstari unaotaja kiasi kitakacholipwa kesi ikiahirishwa. Kama mkataba wako hauna mstari huo, omba uwekwe kabla hujatia sahihi.